Kuomba Nafasi ya Shahada ya Pili katika Siasa za Kanda

Huenda mtashangaa kuona mwanafunzi wa Kidato cha Nne, ambaye hata mtihani wa Taifa hajaufanya, akiandika habari za shahada ya pili ya Chuo Kikuu. Mtasema, "Huyu anataka kufika Kibo kabla ya kufika Marangu." Lakini ninayo sababu. Tangu mwaka jana, kila likizo, nimekuwa nikimsaidia dada yangu kukusanya karatasi za kuombea masomo hayo. Katika kazi hiyo nimeona jambo moja ambalo yafaa wenzangu wote walijue: karatasi nyingi anazotakiwa mtu kuzitoa akiwa na miaka ishirini na mitano, msingi wake huwekwa akiwa na miaka kumi na saba. Yaani huwekwa sasa hivi, humu humu shuleni mwetu.

Basi nitaeleza mambo matatu: masomo haya ni masomo gani, yanasomwa wapi, na mtu huombaje nafasi.

MASOMO YENYEWE

Kanda ni nchi kadhaa zilizo jirani na zenye mambo ya kushirikiana. Siasa za kanda ni elimu ya kuchunguza jinsi nchi hizo zinavyopatana na kugombana, zinavyofanya biashara, na zinavyotunga sheria za pamoja. Wazee wetu wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa Kibo kuomba moto kila mara, hata Kibo akakasirika akampiga, na ndiyo sababu Mawenzi ana kichwa kilichovunjika-vunjika mpaka leo. Hadithi hiyo yaeleza neno hili vizuri. Mawenzi hakuweza kuhama baada ya kupigwa, na Kibo naye hawezi kumkimbia. Nchi nazo ni vivyo hivyo. Tanzania na Kenya haziwezi kuhamana, kwa hiyo hazina budi kujifunza namna ya kuombana moto bila kupigana.

Watu wengi hudhani mambo haya ni ya Dodoma na Dar es Salaam tu. Sivyo. Sisi wa Moshi tumeishi ndani yake muda mrefu. Mpaka unaopita mashariki ya mlima wetu ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, wala hakuna Mchaga wala Mtaveta aliyeulizwa. Mwezi wa Februari 1963 wajumbe wa nchi za Afrika na Asia walifanya mkutano wao wa mshikamano hapa hapa Moshi, na Mwalimu Nyerere akawahutubia. Mwezi wa Machi 1979, wakati wa vita vya kumwondoa Idi Amin, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, vikaunda chama kimoja cha ukombozi na kumchagua Profesa Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilipotekwa mwezi uliofuata, Lule akawa Rais wa Uganda. Kwa hiyo serikali ya nchi nyingine ilianza kupangwa katika mji wetu.

Kisha kuna habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ile ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977. Ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe tena hadi mwaka 1983. Mtu wa Himo mwenye shangazi aliyeolewa Taveta, mwendo wa kutembea kwa miguu, alitengwa naye kwa miaka sita. Mali ya Jumuiya iliyokufa iligawanywa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha mwaka 1984. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, uliotiwa sahihi Arusha pia, nayo sasa ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Somalia iliyoingia mwaka 2024. Makao makuu yake yako Arusha, kilomita zipatazo 80 tu kutoka hapa.

Nyumbani kwetu mambo haya si ya vitabuni. Mama hupeleka vitunguu na maharage katika soko la Taveta kupitia Holili. Kanuni ya mpakani ikibadilika asubuhi, sisi twaijua jioni ile ile kwa kuangalia kilichomo sufuriani. Ipo kanuni ya Jumuiya inayosema kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, tena wa bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, aweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Kanuni hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliokaa wakaifikiri na kuiandika, na watu hao walijifunza kazi hiyo mahali fulani.

YANASOMWA WAPI

Mahali panapofaa sana kutajwa, kwa maana ndipo dada yangu alipopaomba, ni Chuo Kikuu cha Afrika Nzima. Chuo hiki ni mali ya Umoja wa Afrika, na kilizinduliwa Addis Ababa mwezi wa Desemba 2011. Hakikujengwa mahali pamoja, bali kina taasisi zake katika kanda mbalimbali za bara letu. Sayansi na teknolojia ziko Juja nchini Kenya, sayansi za uhai na ardhi ziko Ibadan nchini Nigeria, na maji na nishati ziko Tlemcen nchini Algeria. Taasisi ya utawala na elimu ya jamii iko Yaoundé nchini Kameruni, na huko ndiko inakotolewa shahada ya pili ya utawala na mtangamano wa kanda. Masomo ni ya miaka miwili. Wanaochaguliwa hutoka nchi mbalimbali za Afrika, na Umoja wa Afrika huwalipia.

Ziko njia nyingine pia. Waliosoma sheria waangalie kituo cha elimu ya sheria za Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani, ambacho kimesomesha vijana wa nchi za Jumuiya. Serikali ya Uingereza ina ufadhili uitwao Chevening, wa shahada ya pili ya mwaka mmoja. Huo hutaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda wa miaka miwili hivi, tena aahidi kurudi kwao kwa miaka isiyopungua miwili. Umoja wa Ulaya nao una mpango wa Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004, ambao humfanya mwanafunzi asome katika vyuo vya nchi zaidi ya moja.

Hapa niseme neno juu ya majina ya shahada, maana huwachanganya watu. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hadi 1952 akapata M.A. Wengi hudhani hiyo ilikuwa shahada ya pili. Lakini katika vyuo vikongwe vya Scotland M.A. ni shahada ya kwanza. Kwa hiyo unaposoma tangazo, usitazame herufi tu. Soma ujue linataka mtu aliyemaliza nini.

NAMNA YA KUOMBA

Kwanza, shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Afrika Nzima hutaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu au zaidi. Kwa kipimo cha alama 5 kinachotumika katika vyuo vyetu vingi, daraja hilo huanzia wastani wa 3.5. Wastani huo hukusanywa tangu muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza. Anayecheza mwaka wa kwanza kwa kusema atajirekebisha mwaka wa tatu hujikuta ana 3.3, na hapo hakuna barua ya kusihi inayosaidia.

Pili, majina. Wenzangu, jambo hili naomba mlisome mara mbili. Wengi wetu tuna jina la ubatizo, jina la Kichaga, jina la baba na jina la ukoo, nasi huyatumia kama nguo, hili leo na lile kesho. Mathalani cheti cha kuzaliwa kinasema Aikaeli Joseph, cheti cha Kidato cha Nne kinasema Michael J. Mushi, na pasipoti inasema Mushi Aikaeli. Nyumbani wote twajua ni mtu mmoja. Mtu aliye Addis Ababa au Yaoundé mbele ya mafaili mengi hajui, naye hana wakati wa kuuliza. Hapo mwombaji hulazimika kwenda kwa wakili kuapa kiapo, na kuhangaika na ofisi moja baada ya nyingine. Jina litakaloandikwa katika cheti chetu cha Kidato cha Nne ndilo litakalotufuata Kidato cha Sita, Chuo Kikuu, na hadi katika pasipoti. Kwa hiyo orodha ya majina ya watahiniwa inapobandikwa ubaoni ili tuihakiki, isisomwe kwa haraka ya kuwahi chakula. Kila mtu aende na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, alinganishe herufi kwa herufi. Asiye na cheti cha kuzaliwa awaambie wazazi wake waende RITA.

Tatu, taarifa ya matokeo ya chuo, ambayo wengi huiita transkripti. Hii huonyesha kila somo na alama zake. Dada yangu alimaliza shahada yake kwa wastani wa 3.7, lakini chuo alichosoma, ambacho sitakitaja, kilichukua miezi mitano kumpa karatasi hiyo. Alipoipata, muda wa kuomba ulikuwa umekwisha siku tisa zilizopita. Mwaka mzima ukapotea. Mwaka huo amekuwa akifundisha masomo ya ziada Himo, na mshahara wake ni mdogo. Funzo nililolipata ni hili: tangazo halimngoji mtu. Karatasi zitafutwe kabla ya tangazo kutoka, wala si baada ya kutoka.

Nne, barua za wadhamini. Hutakiwa barua mbili kutoka kwa walimu wa Chuo Kikuu wanaomjua mwombaji. Angalieni neno "wanaomjua". Katika darasa la watu mia tatu, mwalimu hamjui mtu ambaye hakuuliza swali hata moja kwa miaka mitatu. Barua ya mwalimu asiyekujua husema tu kwamba ulihudhuria. Barua ya mwalimu anayekujua husema ulichunguza nini, uliandika nini, na unaweza kufika wapi. Nasi twaweza kuanza kuizoea tabia hiyo hapa, kwa kuuliza maswali darasani bila ya kuogopa kuchekwa.

Tano, maelezo ya nia. Hapa ndipo wengi huanguka ingawa wana alama nzuri. Mtu huandika, "Naipenda sana Afrika, nami nataka kuleta amani na maendeleo." Maneno hayo si mabaya, lakini waombaji wote wameyaandika. Wasomaji wa maombi hutaka swali halisi ambalo mwombaji anataka kulichunguza. Dada yangu aliandika rasimu nne, nami nilizisoma zote. Ya nne ndiyo iliyokuwa nzuri, kwa sababu ilianza na swali lililotoka nyumbani: kwa nini mfanyabiashara mdogo wa Holili bado hupita njia za panya, ingawa cheti rahisi kipo na hakimgharimu ushuru wa forodha? Je, ni kwa kuwa hajui kusoma fomu, au hamwamini afisa, au wakati wake ni mali kuliko ushuru wenyewe? Ili kujibu alimhoji mama na wenzake sokoni siku tatu. Mama alicheka sana kusikia kwamba habari zake zitasomwa Yaoundé, lakini alijibu kila kitu, hata yale ambayo hakupata kutuambia sisi watoto wake.

Sita, lugha. Huko Yaoundé masomo hutolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili chetu kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya tangu 2021 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na jambo hilo latupa fahari, lakini bado halimwondolei mwombaji wajibu wa kujua lugha ya darasa. Tena nchi za Jumuiya yetu zinazotumia Kifaransa si chache sasa. Anayepata nafasi ya kujifunza Kifaransa, hata kwa kitabu cha kuazima, asiiache.

Saba, umri. Matangazo ya chuo hicho ya miaka ya karibuni yameweka mwisho wa miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake kwa shahada ya pili. Hesabu ni rahisi. Mtu aliye na miaka 17 leo, akienda bila kukwama, atamaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 22 au 23. Muda upo, lakini si wa kulala.

HABARI ZA FEDHA NA KAZI

Haifai kueleza mazuri tu. Ufadhili hulipa masomo, lakini kabla ya kuupata mwombaji hutumia fedha zake: pasipoti, nakala za vyeti na mihuri ya wakili, nauli ya kwenda Dar es Salaam kufuata karatasi, na malipo ya intaneti. Kwa nyumba kama yetu, hizo si fedha za kuchezea.

Baba yetu hakupendezwa na shauri hili. Alisema, "Kahawa imekwisha mlipia shahada moja. Siasa za kanda ni chakula gani?" Hilo ni swali la haki, na dada hakulijibu kwa jeuri. Ni kweli kwamba nafasi za kazi katika ofisi za Jumuiya kule Arusha ni chache, na nchi nane zinazigombea. Mwenye kusoma masomo haya kwa kutazamia kiti cha Arusha peke yake aweza kuvunjika moyo. Lakini elimu hii hutumika mahali pengine pia: katika wizara, forodha, uhamiaji, vyama vya ushirika vinavyouza nje, magazeti, na vyuo vyenyewe. Tena wanaochaguliwa na Chuo Kikuu cha Afrika Nzima hutakiwa kuahidi kwamba wakimaliza watafanya kazi Afrika. Dada alimwonyesha baba sharti hilo. Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Kameruni wanalima kahawa. Aliposikia kwamba wanalima, alisema basi angalau mtoto wake hatapotea katika nchi isiyojua kazi. Nauli ya Dar es Salaam ilitoka kwake.

TUNALOWEZA KUFANYA MUHULA HUU

Kwa hiyo wenzangu, mambo ya kufanya sasa ni machache, na hayahitaji fedha nyingi. Tuhakiki majina yetu. Tufanye mtihani wetu wa Novemba kwa bidii, maana vyuo vingi huomba kuona cheti cha Kidato cha Nne hata kwa mtu mwenye shahada. Anayependa mambo haya achague masomo ya Kidato cha Tano yenye Historia, na pamoja nayo Jiografia, Uchumi au lugha. Asome magazeti yaliyomo maktabani, si kurasa za michezo tu, bali na zile za habari za nchi jirani. Tena awe na daftari dogo la kuandikia maswali yanayotoka kwao, maana swali la Holili, la Rombo au la Tarakea aweza kuliuliza vizuri zaidi mtu aliyekulia hapo kuliko mgeni.

Maombi ya dada yangu ya mwaka huu yamekwisha kwenda, na majibu bado hayajarudi. Toleo lijalo litakapotoka mimi nitakuwa nimekwisha ondoka shuleni, lakini nimemwomba mhariri anihifadhie mistari miwili. Akikubaliwa nitawaandikia, na asipokubaliwa nitawaandikia vile vile, pamoja na sababu kama wataieleza, ili atakayefuata apite njia iliyokwisha fyekwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne